Kutu ya bunduki ya babu: ya kuondoa na ya kuacha

Msomaji wa Mafinga ameniandikia hivi: "Shikamoo mzee. Tulipobomoa jiko la zamani la bibi tulikuta darini bunduki ndefu imeviringishwa kwenye gunia, nyeusi kwa moshi. Bibi anasema aliikuta humo alipoolewa. Pembeni ya chuma pameandikwa I.G.Mod.71, na ni ya kuweka risasi moja moja. Imeganda, haifunguki, kitako kimepasuka. Nimetazama video za mafundi wa nje wanaozirudisha bunduki kama hizi mpaka zinang'aa kama zimetoka kiwandani, nami nimeipenda kazi hiyo. Nina grainda yenye brashi ya waya, na jirani amenishauri asidi ya betri. Nianzie wapi? Na ikipona, inaweza kupiga tena?"

Marahaba mwanangu, na kamwene kwa bibi. Grainda iweke kando kwanza. Asidi ya jirani irudishe kwenye betri yake.

Swali lako la mwisho nalijibu mwanzo, kwa sababu lisipokaa sawa mengine yote yataharibika. Bunduki hiyo isipige tena, na mimi sitakufundisha namna ya kuifanya ipige. Imetengenezwa kwa ajili ya baruti nyeusi, ile ya moshi mwingi, na chuma chake ni cha karne ya 19. Imekaa miaka mingi juu ya moshi, na kutu imechimba mashimo mahali ambapo jicho halifiki, hasa ndani ya chemba, pale ganda la risasi linapokaa. Mtutu wa namna hiyo ukipasuka, hupasukia usoni pa aliyeushika. Kazi ninayoweza kukufundisha ni nyingine: kuizuia isiendelee kufa, na kuiacha iseme yote iliyonayo ya kusema.

Sasa polisi. Najua hukuniuliza, lakini hapo ndipo pa kuanzia. Video ulizotazama nyingi ni za Marekani, na huko sheria yao ya mwaka 1968 inaihesabu bunduki iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla ya hapo kuwa kitu cha kale, ndiyo maana unamwona mtu anaifungua mezani kama anayefungua redio. Usiichukue sheria ya kwao ukaja nayo Mafinga. Hapa kwetu silaha zinasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na leseni huombwa kupitia polisi. Usiipakie bunduki kwenye basi wala bodaboda kuipeleka popote. Iache ilipo, mwambie mwenyekiti wa kijiji, kisha nenda kituoni mikono mitupu, eleza mlichokikuta na mlikikuta wapi, nao watakwambia hatua inayofuata. Nenda na bibi kama ana nguvu, kwa sababu maelezo yake ndiyo ushahidi kwamba haikuingia nyumbani kwenu jana. Wakiamua ikae kwao kwa muda, au iende makumbusho, kubali. Nitakayokueleza kuanzia hapa ni ya kufanya baada ya kupata ruhusa yao kwa maandishi.

Waombe pia fundi silaha wao aitazame kama ina risasi ndani. Nyumba nyingi za kwetu zilikuwa zinatunza gobole likiwa limeshindiliwa tayari, kwa ajili ya nguruwe pori anayeingia shambani usiku, na mwenye gobole akafa bila kumwambia mtu. Baruti nyeusi iliyokaa pakavu haizeeki. Inaweza kukaa miaka mia moja na bado ikawaka. Fundi huingiza ufito wa mti kwenye mtutu mpaka ugote, anauwekea alama mdomoni, kisha anaulaza ufito huohuo nje ya mtutu. Ukiishia mbele ya mahali unapotakiwa kufika, kuna kitu ndani. Atatazama na kipande kilicho nyuma ya bolti, ile komeo ya chuma inayofunga mtutu kwa nyuma. Kikiwa kimechomoza, springi imebanwa na bunduki ilitegwa. Kabla ya hapo usiigonge, usiipashe moto, usitoboe kitu.

Tuje kwenye bunduki yenyewe. I.G. ni kifupi cha Infanterie-Gewehr, yaani bunduki ya askari wa miguu, na 71 ni mwaka 1871. Waliobuni ni ndugu wa ukoo wa Mauser, Paul na Wilhelm, wa Oberndorf huko Ujerumani. Ni ya milimita 11, kichwa cha risasi yake ni cha madini ya risasi tupu, chenye uzito wa karibu gramu 25, kikisukumwa na gramu 5 hivi za baruti nyeusi. Haina kitu cha kurusha ganda nje. Ina kucha ya kulivuta tu, kisha askari anainamisha bunduki ubavu ili ganda lianguke. Hebu fikiria mtu akifanya hivyo katikati ya mapigano.

Chukua futi ya fundi cherehani uipime kutoka mdomoni hadi mwisho wa kitako. Ya askari wa miguu ina kama sentimita 135. Ikiwa na kama 124, basi ni ile fupi waliyoiita Jägerbüchse, na hiyo ndiyo askari wa Kijerumani wa huku kwetu walipewa kwa wingi. Tazama juu ya chemba kama kuna taji, na chini yake jina la mji: Spandau, Erfurt, Danzig, Amberg. Usikwangue ili usome. Lowanisha kwa tone la mafuta, kisha mulika kwa tochi ya simu kutoka ubavuni, karibu kabisa na chuma; herufi zitajitokeza zenyewe kwa vivuli vyake. Kisha tafuta namba. Wajerumani walipiga namba mpaka kwenye skrubu, tarakimu mbili za mwisho. Namba zote zikilingana, vipande hivyo vimekaa pamoja tangu kiwandani. Zisipolingana, kuna fundi aliunganisha kutoka bunduki mbili au tatu, na hiyo nayo ni habari.

Sitakuambia ilifikaje darini kwa bibi, kwa kuwa njia ni nyingi na zote zinapita mlangoni kwenu. Tarehe 17 Agosti 1891 pale Lugalo, Wahehe wa Mkwawa waliuvunja msafara wa kamanda wa Kijerumani, Emil von Zelewski, na kuchukua mamia ya bunduki. Wajerumani waliivunja ngome ya Kalenga mwishoni mwa Oktoba 1894, na kwa karibu miaka minne baada ya hapo vita vilikuwa vya porini, mpaka Mkwawa alipojiua Julai 1898. Vikaja vya Maji Maji, 1905 hadi 1907. Vita Kuu ilipoanza mwaka 1914, kampuni nyingi za askari wa Kijerumani zilikuwa bado na hizi za 71, na moshi wake mweupe ulikuwa unamwonyesha adui askari walipojificha. Mwaka 1918 jeshi la Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, lilipita Songea, likapanda Ubena, likapita Mbozi kwenda Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo. Wapagazi walikimbia, askari waliugua, silaha zilitupwa. Kuna jambo moja zaidi: mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 uliwazuia wafanyabiashara kuleta bunduki za kufungulia nyuma katika eneo kubwa la Afrika, likiwamo letu. Ndiyo maana madarini kwetu gobole la kushindilia mdomoni ni la kawaida, na bunduki kama yenu ni nadra. Mwenye kuieleza ya kwenu ni bibi. Kaa naye jioni moja, washa kinasa sauti cha simu, muulize nani aliiweka pale, ilishushwa lini mara ya mwisho, nani alikatazwa kuigusa. Hilo lifanye kabla hujagusa kitambaa.

Nina sababu ya kukuambia hivi. Nilipokuwa kijana katika kazi hii ya kuhifadhi vyuma vya kale, mama mmoja mjane wa upande wa Kilolo alituletea gobole la marehemu mumewe, baada ya taratibu zote za polisi. Niliambiwa nilisafishe. Nikalisafisha kweli. Mtutu niliupiga brashi ya waya mpaka ukawa mweupe, kitako nikakipiga msasa kuanzia wa kukwaruza hadi laini, nikapaka vanishi. Nilipomkabidhi, yule mama aligeuza kitako, akapitisha kidole gumba upande wa kushoto, akarudia tena, akaniuliza: "Ile mikato iko wapi?" Mumewe alikuwa anakata alama moja kwa kisu kila alipoua nguruwe pori. Alama ya kwanza aliikata mwaka waliofunga ndoa. Mimi nilikuwa nimeona mikwaruzo tu, nikaimaliza kwa msasa asubuhi moja. Yule mama hakunigombeza. Alilifunga kwenye kanga yake akaondoka.

Tangu siku hiyo sishiki msasa kwa mti wa bunduki ya mtu, na ndiyo maana naogopa grainda yako. Brashi ya waya za chuma haibagui. Inaondoa kutu, inaondoa na lile taji, zile namba, na ngozi ya rangi ya kahawia au nyeusi ambayo chuma kimejijengea kwa miaka mia na zaidi. Asidi ni mbaya zaidi. Inakula kutu na chuma pamoja, inaacha rangi ya kijivu iliyokufa, na ikibaki kwenye vitundu vya skrubu inaendelea kula wakati wewe umelala. Ndimu na siki ni ndugu wa asidi hiyohiyo, wapole zaidi, lakini tabia ni moja.

Ujue kwanza kutu zipo mbili. Kuna nyekundu, ya unga, ukiipangusa kwa kidole inachafua. Hiyo iko hai na inakula. Kuna nyeusi au kahawia iliyokolea, ngumu, laini ukiigusa. Hiyo imetulia, inakilinda chuma kilicho chini yake. Unaitaka ya kwanza iondoke na ya pili ibaki. Kazi nzima ya chuma ni hiyo, na haihitaji nguvu. Inahitaji mafuta na siku nyingi.

Piga picha kila upande kabla ya yote. Kisha pakaza mafuta mepesi ya mashine mahali pote penye kutu, uache. Penye skrubu na bolti tumia mchanganyiko wa nusu kwa nusu wa mafuta ya giaboksi ya otomatiki na asetoni. Unapenya kuliko dawa nyingi za dukani. Uchanganye nje, mbali na moto na sigara, na usiuruhusu uguse mti, kwa sababu asetoni inayeyusha rangi ya asili ya kitako. Tone moja asubuhi, tone moja jioni. Wiki ya kwanza usijaribu kufungua chochote. Mimi bolti moja ilinichukua wiki saba. Siku ilipokubali niliisukuma kwa kidole gumba tu.

Baada ya mafuta kukaa, unahitaji kitu cha kuinua kutu iliyolainika, lakini kilicho laini kuliko chuma. Wenzetu wa nje hutumia vipande vya shaba, na brashi ndogo ya nyuzi za shaba nayo ni nzuri. Lakini wewe uko Mufindi, una mlanzi nyuma ya nyumba. Pasua mwanzi mkavu uliokomaa, uchonge ncha bapa kama ya bisibisi, ukwangue kutu iliyolainika huku mafuta yapo. Mwanzi unainua kutu nyekundu, ukifika kwenye ile nyeusi unateleza wenyewe. Ncha ikichoka, chonga tena. Pangusa kwa pamba, tazama, paka mafuta, rudia kesho. Karibu na maandishi fanya kazi kwa kijiti cha kuchokolea meno.

Vipande vidogo vilivyotoka vyenyewe, kama skrubu na pete za mtutu, vinaweza kuchemshwa. Tumia maji ya mvua uliyoyakinga katika chombo safi, si ya bomba, kwa sababu ya bomba yana chumvi na dawa. Viondoe mafuta kwanza kwa sabuni, kisha vichemshe nusu saa. Utaona kutu nyekundu ikigeuka nyeusi mbele ya macho yako. Hiyo nyeusi ya juu, iliyo kama masizi, isugue taratibu kwa kitambaa, na iliyo chini itabaki imeshika. Vikaushe vikiwa bado vya moto, paka mafuta papo hapo.

Maji ya moto yana kazi nyingine pia. Baruti nyeusi na fataki za zamani, vile vidonge vya kuwashia baruti, huacha chumvi ndani ya mtutu, na chumvi hiyo huvuta unyevu wa hewa miaka nenda rudi. Mafuta hayaiyeyushi chumvi, yanaifunika tu. Kwa hiyo mtutu ukishafunguka na kutengwa na mti, usuuze kwa maji ya moto mara mbili tatu, uukaushe kabisa, ndipo upitishe kitambaa cha mafuta. Ukiruka hatua hii utashangaa kutu inarudi kila masika na hujui inatoka wapi.

Kuhusu skrubu neno moja. Vichwa vya skrubu za Kijerumani vina mfereji mwembamba, na bisibisi ya dukani ni nene, itateleza na kuung'oa mdomo wa mfereji. Nunua bisibisi ya bei rahisi, uinoe kwa tupa mpaka ikae kwenye mfereji bila kuchezacheza. Kwenye bolti kuna skrubu yenye washa nene, ndiyo inayoizuia bolti isichomoke ikivutwa nyuma. Hiyo ifungue ya mwisho, na kila skrubu uirudishe kwenye tundu lake. Ziweke kwenye katoni uliyochora bunduki, kila moja mahali pake.

Kitako chako kina uwezekano mkubwa wa kuwa mti wa jozi wa Ulaya, kama hakijabadilishwa na fundi wa huku. Tazama kama kuna vitundu vidogo vinavyotoa unga mbichi. Kama vipo, wadudu bado wamo, na kitako kitengwe na mbao za nyumba. Moshi wa jiko la bibi ulikifanyia hisani kubwa, kwani ulifukuza wadudu na kukausha hewa. Kwa hiyo masizi usiyaone adui. Pangusa yale yanayotoka kwa kitambaa kilichoguswa tu na maji yenye sabuni kidogo, ulichokikamua sana, kisha kikavu. Yaliyoingia ndani ya mti yaache. Mimi huacha hata sehemu moja bila kupangusa kabisa, chini ya mkanda, ili atakayekuja baadaye aone ilivyokuwa. Wapo wenzangu wanaoniona nimezidi. Msasa kamwe. Unashusha mti ukawa chini ya chuma, unafuta mihuri ya kiwandani na alama za walioishika.

Ufa ukiwa haukui, uache. Ukikua, mtafute seremala anayejua gundi ya ngozi, ile inayofunguka tena kwa maji ya moto, maana gundi za siku hizi za kuchanganya mbili zikishika hazina kurudi nyuma. Mti ukiwa mkavu sana, paka mafuta ya kitani yaliyochemshwa, tone chache kwa kiganja, usugue mpaka mkono upate joto, uache siku mbili, urudie mara moja tu. Na hapa nisikilize vizuri: vitambaa vyenye mafuta ya kitani usivikunje ukavitupa pembeni. Hujipasha joto vyenyewe na kuwaka bila kiberiti. Vitandaze nje mpaka vikauke, au vizamishe kwenye ndoo ya maji.

Ikimalizika, chuma kipake vaselini nyembamba sana, isiyoonekana, na mti uupe nta ya nyuki. Baada ya hapo usiishike kwa mikono mitupu. Jasho ni chumvi. Usiirudishe kwenye gunia, wala usiitie kwenye mfuko wa ngozi au nailoni, kwa kuwa vyote hufunga unyevu. Ilaze, au isimame mdomo ukiwa chini, ili mafuta yasiteremke kwenye kitako na kuulainisha mti. Na kwa baridi yenu ya Juni na Julai, usiitoe stoo asubuhi ukaiingiza moja kwa moja kwenye chumba chenye moto. Chuma baridi hutoa jasho kama chupa ya soda. Iviringishe kwenye blanketi, iache ipate joto polepole saa chache, ndipo uifungue.

Atakuja mtu na gari atakayesema ananunua vitu vya Wajerumani. Atataja bei ambayo kijijini ni kubwa. Kuuziana silaha kienyeji ni kosa, na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 ipo kuzuia vitu vya kale kutoka nchini bila kibali. Mkiona nyumbani hamwezi kuitunza, nenda kwanza na bibi mkatazame makumbusho ya Kalenga, au yale ya boma la Wajerumani mjini Iringa, muone vitu vya wenzenu vilivyowekwa na maelezo yaliyoandikwa chini yake. Mkiipeleka, pelekeni pamoja na ile sauti ya bibi uliyoirekodi. Bunduki za 71 zilitengenezwa kwa maelfu mengi, na zile zenye mtu wa kuzieleza ni chache sana.

Polisi wakikuruhusu, niandikie tena kabla ya kugusa skrubu yoyote. Nitumie urefu wake, picha ya juu ya chemba ukiimulika kutoka ubavuni, na picha ya upande wa kushoto wa kitako. Huo wa kushoto upige kwa karibu.